Pale Kaseti Ilipokatika

Rekodi za muziki ule zilizokuwepo duniani zilikuwa tatu, na zote tatu ziliishia mahali pabaya.

Ya kwanza ni kaseti aliyoirekodi jirani yetu wa Tanga kwenye harusi moja, akiwa ameshika redio yake mbele kabisa ya wapigaji. Fidla ni ya baba. Udi unasikika kwa mbali, na kuna mtoto analia karibu na redio. Vipande viwili vinapigwa vizuri, cha tatu kinaanza kwa sauti nne tu, halafu tak, upande wa kaseti umekwisha. Jirani hakuigeuza kwa sababu alikuwa amekwenda kula pilau. Ya pili ni nakala ya kaseti hiyo, niliyokuja nayo Texas ndani ya soksi. Ya tatu ni kazi yangu: niliihamishia kwenye kompyuta, nikapunguza makelele, nikaiweka mtandaoni na kuandika chini yake, kwa fahari zote, kwamba mtunzi ni marehemu baba yangu. Kwa hiyo ukitaka ukweli, rekodi ni moja, na makosa yake yamezaa.

Nilianza kuwapa watu. Harusi ya kwanza ilikuwa Houston, bibi harusi akiingia ukumbini. Ilipofika pale pa kukatika, ukumbi ukapigwa na bumbuwazi. Shangazi mmoja wa bwana harusi akaona aibu, akapiga kigelegele kuziba pengo, na wanawake wengine wakamwitikia. Harusi iliyofuata hawakusubiri aibu. Baada ya mwaka mmoja au miwili ikawa ndiyo desturi yetu huku: bibi harusi anatembea vipande viwili, muziki unakatika, vigelegele vinalipuka, anakaa. Wakenya wakaichukua, Wakongo wakaichukua. Nimewahi kumsikia mama mmoja wa Dallas akimweleza mgeni kwamba muziki ulitungwa hivyo makusudi. Sikumsahihisha. Nilipenda sana kuonekana binti wa mtunzi.

Mama alikuwa amekuja kukaa nami Pearland, karibu na Houston, kungoja harusi ya binti yangu. Alishatangaza kwamba akirudi Tanga ndiyo basi, magoti yake hayataki tena habari za ndege. Mimi nafanya kazi maabara ya hospitali, na siku zangu za mapumziko nilizitumia kuhangaikia harusi. Nilitaka fidla ya kweli, siyo spika. Nikaelekezwa kwa baba mmoja Mkongo wa Fort Worth, anayefanya kazi ghalani na kupiga fidla kanisani. Nikamtumia rekodi, akajifunza, na Jumamosi moja mchana akanipigia simu ya video ili nimsikilize. Niliiegemeza simu kwenye kopo la sukari. Mama alikuwa mezani, anachambua mchele kwenye sinia.

Akapiga vizuri, mpaka kuumia moyo. Akafika kwenye zile sauti nne, akasimama ghafla kama kaseti. Mama, bila kuinua macho kwenye mchele, akaendelea kwa mdomo. Aliunguruma taratibu, kipande kizima ambacho sijawahi kukisikia, vidole vikiendelea kutafuta mawe.

Mpigaji alishusha upinde. "Mama, endelea, tafazali. Mimi nilizani inaishaka pale."

"Kilichoishia pale ni kaseti," mama akasema.

"Hicho umekitoa wapi?" nikamuuliza.

"Nikitoe wapi? Changu."

"Mama, muziki ni wa baba."

"Baba yako alikuwa na fidla. Muziki nilikuwa nao mimi."

Akaeleza huku akichambua. Kipande cha kwanza alikipata akipeta mchele uani, na ukikisikiliza vizuri utausikia ungo. Cha pili ni cha kufua. Baba alikuwa akikaa mlangoni na fidla yake, anachukua anachosikia. Cha tatu alikiimba nilipokuwa na surua, natapatapa mikononi mwake, na baba aliposema sasa umetimia, wakawa wamemaliza. Kwenye kikundi cha taarabu ukajulikana kuwa ni wa baba, kwa sababu baba ndiye aliyekuwa jukwaani. Nyumbani alikuwa akimwambia, leo nimepiga chako.

"Mbona hukusema miaka yote hii?"

"Ulinionyesha kwenye simu ulivyoandika. Ulikuwa umefurahi." Akatupa jiwe pembeni. "Hukuniuliza. Iliniuma."

Alisema iliniuma kwa sauti ileile anayotumia kuomba chumvi. Mimi ninayejisifu kazini kwamba sipokei sampuli isiyo na jina sahihi, nilibandika jina lisilo lake kwenye kitu cha mama yangu, nikakitawanya Texas nzima.

Nikamuuliza anataka nifanye nini.

"Nataka kukisikia cha tatu kikipigwa mbele za watu. Mara moja, mimi nikiwa nimekaa. Basi."

Binti yangu, anayefanya kazi kwenye moja ya ofisi kubwa za Plano, upande wa Dallas, alipoambiwa alikubali palepale. "Bibi, of course. Tuta-play yote mpaka mwisho." Mpigaji akajifunza kipande kwa simu, mama akimfundisha jioni tatu mfululizo, akimwambia asikimbie, nani anamfukuza. Mshereheshaji akapewa karatasi ya kusoma: utunzi ni wa bibi yake bibi harusi, na safari hii muziki una mwisho.

Karatasi aliisoma. Ila aliisoma wakati milango inafunguliwa, na kila mtu ameshanyanyua simu ampige picha bibi harusi. Ukumbi ulikuwa Plano, umejaa. Binti yangu akatembea vipande viwili, mzuri ajabu. Fidla ikafika kwenye zile sauti nne, na vigelegele vikalipuka kuliko siku zote. Nikauona upinde unaendelea kwenda na kurudi, nisisikie kitu. Watu wakawa wanapiga, wanacheka, wanasukumana wapate picha. Mama alikaa mstari wa mbele, mkoba mapajani, shingo ameivuta mbele na macho hayabanduki kwenye upinde.

Aliyeanza kupiga vigelegele ni mimi. Sikukusudia. Sauti nne zilipita, mdomo ukafunguka wenyewe, kama unavyofunguka kila harusi, na wengine wakanifuata. Nilipojifunika kwa kiganja nilikuwa nimeshachelewa.

Tulipotoka nikamwomba radhi. Akasema mdomo umezoea. Hatua chache baadaye akasema kuku alikuwa mkavu. Tulilala kwa rafiki yangu.

Siku ya pili, Jumapili, tulitakiwa kurudi Pearland, na Jumanne alikuwa na ndege. Nikaingia barabarani, nikakata kulia.

"Hii siyo ya Houston," mama akasema.

"Najua."

Mpigaji na mkewe walikuwa ndiyo kwanza wametoka kanisani. Nyumba yao ya Fort Worth ilinukia sombe, kisamvu cha Kikongo. Nilimweleza mlangoni, bado nimeshika funguo, kwamba nimeharibu na nimekuja kuomba. "Karibu, mama," alimwambia mama yangu, siyo mimi. "Ile ya mwisho iko muzuri sana. Hata mimi jana sikuisikia."

Mama akaketi kwenye kochi, kanga imetulia mabegani. Mke wa mpigaji akazima feni ya jikoni. Mimi nikashika simu kurekodi, na nakiri kwamba meno niliyauma kwa nguvu.

Akapiga vyote. Cha kwanza nikausikia ungo, ambao miaka yote nilidhani ni kaseti inakwaruza. Cha tatu kinashuka polepole, kinasita, kinashuka tena, kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia na kuutoa mkono wake chini ya kichwa chake. Mama alinyanyua kidole mara moja tu, mpigaji akapunguza mwendo. Kikaisha. Jikoni sufuria ilisikika ikichemka.

Mama akanigeukia. "Sasa."

"Sasa nini?"

"Sasa ndipo pa kupiga."

Nikajaribu, sikuweza. Nilikuwa nalia. Mke wa mpigaji akatokeza na mwiko mkononi, akapiga kigelegele kimoja kirefu kwa niaba yangu, na ndicho kinachosikika kwenye rekodi hiyo ya nne.

Tulipaki pembeni kabla ya kuingia barabara kuu. Nikaifuta ile ya zamani mtandaoni, nikaiweka mpya, nikaandika.

"Umeandika?" mama akauliza.

"Nimeandika."

"Soma."

Nikamsomea neno mtunzi, kisha jina lake, la kwake na la baba yake, kama lilivyo kwenye pasipoti.

Akafunga mkanda wa gari, akatazama mbele.

"Soma tena," akasema.