Kabuti la marehemu baba na baridi ya Songea ambayo wageni walisema si baridi

Wakuu, habari za huko mliko.

Tarehe 24 mwezi wa sita tulimpoteza baba, hapa Lizaboni. Baada yake tukapoteza harufu yake, na hiyo ndiyo iliyonileta hapa. Sitaongeza chumvi. Shule yangu iliishia darasa la saba, na uongo unanichosha kuukumbuka.

Kwa wasioijua Songea: kipindi hiki hatuna theluji. Tuna ukungu asubuhi, maji ya ndoo yanayouma meno, na kila mtu ni mnene kwa sababu amevaa kila alichonacho. Bodaboda wanavaa makoti ya kike ya mtumba yenye manyoya na hakuna anayecheka.

Saa sita mchana jua linatoka, tunavua, tunasahau. Saa kumi tunakumbuka.

Ndugu zetu wa Dar niliwapigia simu waje na masweta. Wakasema nawatisha. Wakaja na fulana na ndala.

Kiongozi wao alikuwa Festo, mtoto wa mama mdogo, aliyewahi kukaa Ulaya miaka miwili. Alikaa barazani na shati la mikono mifupi, akatuonyesha kwenye simu: nyuzi joto kumi na mbili.

"Kule kwetu hii ni summer," akasema. "Watu wanakwenda kuogelea."

Wazee waliokuwa wanaota moto wakamsogezea kigoda. Hakukikalia.

Kesho yake asubuhi alikuwa amevaa kabuti la baba.

Alieleza mwenyewe, meno yakigongana, kwamba Ulaya baridi inabaki nje, nyumba wanazipasha moto. Kwetu ya nje na ya chumbani ni moja.

Hakuwa peke yake. Sweta la kahawia lilikuwa kwa shemeji, koti la kanisani kwa mjomba, soksi kwa watu wawili, moja moja. Nilikuwa naona mgongo wa baba pale kwenye turubai, moyo unaruka, mgongo unageuka, ni shemeji.

Kabuti nilikuwa nalitaka mimi. Ndilo alilovaa akinipeleka shule.

Siku ya tatu tukaanua matanga. Kwenye ukoo wetu nguo za marehemu zinawekwa mkekani, baba mdogo anagawa, na kuomba ni aibu. Mkeka ulitandikwa saa mbili asubuhi. Juu yake kulikuwa na tai moja na kaptula.

Baba mdogo akaagiza kila aliyevaa kitu cha marehemu avue. Hakuna aliyesogea. Mgomba wa uani ulikuwa hauonekani kwa ukungu. Naye mwenyewe alikuwa na kofia ya baba kichwani.

Akafikiri, kisha akatangaza kwamba mgao umesogezwa mpaka jua litoke. Sijawahi kusikia mirathi iliyoahirishwa kwa sababu ya hali ya hewa.

Saa sita jua likatoka. Watu wakavua bila ugomvi, mkeka ukajaa. Festo akaweka kabuti. Mimi nikasogea mbele kidogo ili nionekane.

Baba mdogo akaliinua. Kabla hajataja jina, shangazi akauliza kutoka mlangoni, "Na mwenye msiba mmempa nini ajifunike?"

Mama alikuwa chumba cha ndani siku zote tatu, chini, na kanga mbili.

Hakuna aliyekuwa amewaza. Hata mimi, niliyewapigia simu watu wa Dar kuhusu masweta.

Mama akavalishwa. Mikono ya kabuti ikamfunika mpaka vidole. Akainamisha pua kwenye kola, akakaa hivyo.

"Festo, mwanangu," akasema, "umelitia manukato."

"Ya Ulaya hayo, mama mkubwa," Festo akajibu. "Hayatoki hata ukifua."

Nilichojifunza: ukija msibani Songea miezi hii, beba sweta lako, hasa kama umewahi kukaa Ulaya. Na wewe mtoto wa nyumbani, kabla hujalitazama kabuti, ingia ndani uone nani anatetemeka.

Anayejua namna ya kutoa manukato kwenye kabuti bila kulifua, aandike hapa chini. Kulifua mama hataki.

Moshi wa kuni mama ameshaujaribu. Jana alikaa nalo jikoni tangu asubuhi, kuni zinawaka, mlango umefungwa. Mchana alitoka, akanusa mkono wa kabuti, akarudi ndani.