Mshale wa Kijani

Binti yangu ndiye aliyeukuza mshale. Alikuja Jumamosi moja dukani kwangu Thika, akanikuta nikizungusha kipanya juu ya meza kama mtu anayesugua sufuria iliyoungua, na mshale hauonekani popote kwenye skrini. Akaingia kwenye mipangilio ya kompyuta, akavuta kialama fulani kuelekea kulia, na ule mshale mweupe mwembamba ukanenepa papo hapo.

"Mathe, sasa huwezi kuikosa," akasema.

Kweli, kwa wiki kadhaa sikuukosa.

Kazi yangu ni kutengeneza programu za mazishi, vile vijitabu vyenye picha ya marehemu, wasifu wake na nyimbo za ibada. Watu hufika wamechanganyikiwa, wanataka kila kitu leo, na karatasi ikiwa tayari ndipo wanakumbuka kuna shangazi amesahaulika. Nimezizoea kelele hizo na nazipenda. Kazi hii haitaki nguvu, inataka macho, na macho yangu ndiyo yanayoondoka. Daktari aliniambia ni presha ya macho. Matone yatajaribu kulinda kilichobaki, lakini kilichokwenda kimekwenda. Aliyasema hayo kwa upole mno. Heri angenigombeza, ningepata mtu wa kumkasirikia.

Watu wakisikia habari za macho wanafikiri naona giza. Sioni giza. Ninachokitazama nakiona vizuri, hata herufi ndogo. Ni kando yake ndiko hakuna kitu, na kila mwezi hiyo kando inanisogelea. Kwa hiyo mshale ukitoka pale ninapotazama, ndio basi, umepotea. Binti yangu akaupaka rangi nyeusi. Baadaye akaupaka kijani, ile kijani ya kuumiza hata macho mazima. Akauwekea mkia wa kuufuata, kisha akanionyesha kitufe ambacho nikikibonyeza miduara inajikusanya pale mshale ulipo. Kila alipotoka kwake Kimbo, kule Ruiru, kuja kuniona, aliukuza kidogo tena. Nilimshukuru, na moyo ukaniuma, kwa sababu mshale wa ukubwa ule ukiendelea kupotea, shida si mshale.

Wateja niliwaambia kwamba ndio mtindo wa siku hizi. Tukacheka. Lakini niliogopa sana siku ambayo mmoja wao angenifuma nikiutafuta, habari zienee kwamba yule mama haoni, nibaki nimekaa peke yangu na mashine yangu. Sina kazi nyingine ninayoijua.

Siku hiyo ilifika na mkulima mmoja wa Murera aliyefiwa na mkewe. Alikaa kando yangu asubuhi nzima, kofia magotini, mpole. Ukurasa wa mbele ulipokaa sawa, picha kubwa ya mke juu na jina chini, akatoa simu.

"Mama, wacha nipige picha nitumie watoto. Waone kwanza kabla hujaprint."

Akapiga picha ya skrini, akaituma kwa kundi la familia. Mimi wakati huo nilikuwa nautafuta mshale nirekebishe herufi moja kwenye jina. Nikatafuta chini. Nikatafuta kulia. Nikabonyeza kile kitufe cha miduara, sikuona hata mmoja. Simu yake ikaita, akaweka sauti kubwa ili nami nisikie wanachosema watoto.

"Baba, hiyo mshale kubwa ya kijani kwa macho ya mami ni ya nini? Haki waambie watoe!"

Mzee akaitazama skrini, kisha akanitazama.

"Mimi nilifikiri ni mapambo," akasema. "Niliona inaangalia juu, nikasema ni sawa, ameenda juu."

Hakuwa ananicheka. Nikainua macho hadi kwenye picha, na hapo ndipo nilipouona. Ulikuwa umelala juu ya macho yote mawili ya mkewe, mkubwa kuliko pua yake. Ulikuwa hapo muda wote.

"Kwani hukuiona?" mzee akaniuliza.

Uongo nilikuwa nao tayari, ule wa mtindo wa siku hizi. Haukutoka.

"Sioni, mzee," nikamwambia.

Sikuwahi kumwambia mteja yeyote neno hilo. Nikalia, tena mbele ya mtu mwenye msiba wake, na ikawa ni yeye wa kunibembeleza mimi. Niliona aibu kubwa. Akasogeza kiti, akakishika kipanya kwa mkono wake mgumu wa shamba, akautoa mshale taratibu usoni pa mkewe.

"Haya, niambie niipeleke wapi."

Tukamaliza hivyo, mimi nikiandika na kuelekeza, yeye akisukuma mshale. Alipoondoka na vijitabu vyake alinishukuru sana.

Nilifunga duka mchana ule ule, nisilifungue tena. Nikampigia binti yangu, nikamwambia asijisumbue kuja Jumamosi kuukuza mshale, hakuna haja tena.

Nikamsikia akicheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu tulipotoka kwa daktari.

"Haiya! Mathe, kwani macho imeanza kupona?"