Mashine Inayotaka Kuombwa Ruhusa

Iliamuliwa, na ikatangazwa mbele ya watumishi wote waliosimama juani uwanjani, kwamba kuanzia Julai mosi, mwaka 2011, halmashauri ile itakuwa imeingia rasmi katika zama za sayansi na teknolojia; kwamba kila mtumishi wa ofisini atakuwa na cheti cha kompyuta; na kwamba asiye nacho atahesabiwa kuwa amejiondoa kazini mwenyewe, kwa hiari yake. Mkurugenzi alisoma tamko hilo kwa sauti nzito. Makofi yalipigwa, kwa hiari pia.

Halmashauri yenyewe siitaji. Iko huku kwetu, si mbali sana na Tunduma, na ina watu wenye ndugu wakali.

Mpiga chapa wa ofisi hiyo alikuwa Tumpale, mama wa Kindali kutoka milima ya Ileje. Kazi hii alifundishwa Mbeya, enzi ambazo mwalimu aliwafunika wanafunzi mikono kwa kitambaa ili wasitazame herufi. Tangu hapo macho yake hayakuondoka kwenye rasimu aliyokuwa akiinakili. Vidole vilijijua vyenyewe. Kengele ya taipureta ikilia kuonyesha mstari umefika mwisho, mkono wa kushoto uliruka wenyewe na kusukuma mashine irudi mwanzo. Alisomesha watoto kwa mkono huo, na sasa aliambiwa anakaribia kujiondoa.

"Nimejiondoa lini?" alimuuliza Bugalama, Afisa Utumishi. "Si nipo hapa nimekaa?"

"Bado hujajiondoa, dada. Utajiondoa Julai."

Fungu la kuwasomesha watumishi halikuwamo kwenye tamko. Kwa hiyo Tumpale alijilipia, akawa anakwenda Tunduma kila Jumamosi, ghorofani juu ya duka la vipuri vya malori, kwenye chuo cha kijana aitwaye Rabson. Rabson alisomea Kitwe, ng'ambo ya mpaka Zambia, akarudi na diploma na Kibemba. Kompyuta zake zilikuwa za msaada kutoka ng'ambo. Zilifika zote, isipokuwa panya, vile vidude vya kusogeza mezani kwa kiganja. Panya waliishia mpakani, na kila upande uliapa kuwa waliliwa upande wa pili. Mtu mwingine angefunga chuo. Rabson alitafuta programu ya kuandikia isiyohitaji panya, akapata moja ya kizamani iitwayo Vi, inayoendeshwa kwa vitufe tupu, akaibandika jina la Kozi ya Juu.

Siku ya kwanza Tumpale alifunga kilemba vizuri, akaweka rasimu kushoto, akapiga: Ndugu wananchi. Mashine ikalia. Mkono wa kushoto ukaruka kusukuma, ukakuta kikombe cha chai cha Rabson. Alipoinua macho, kwenye kioo palikuwa na neno moja: nanchi.

"Ndugu yuko wapi?"

"Bamayo, hapo mwanzo hamkuwa mnaandika," alisema Rabson akifuta chai, akimwita mama kwa Kibemba na kwa wingi wa heshima. "Hapo mlikuwa mnaamuru. Hii programu ina hali mbili. Ukiifungua tu, kila herufi ni amri. Mpaka mgonge i ndipo iwaruhusu kuandika. Hapa iliwafungulia herufi a ya kwenye wananchi, kwa bahati."

"Iniruhusu?"

"Ee. Halafu mkimaliza mnagonga Escape, mnarudi kwenye amri."

"Mwanangu, mimi nimeajiriwa kuandika. Nikikaa mbele ya mashine nimekaa kuandika, sijaja kusalimia. Nimwombe nani ruhusa?"

Darasa likacheka. Yeye hakucheka, na mimi nadhani alikuwa na haki. Mtu aliyeishi ofisini maisha yake yote, ambako hata kalamu mpya inaombwa kwa dokezo, alitegemea angalau mashine isiwe na bosi ndani yake.

Jumamosi zilizofuata hazikumtuliza. Alifundishwa kwamba d mbili zinafuta mstari mzima.

"Mstari niliotolea jasho unauawa kwa vidole viwili! Na aliyeweka hivyo hajashtakiwa?"

"Mkigonga u unarudi, bamayo."

"Afadhali. Angalau kuna toba."

Alifundishwa kwamba kazi haihifadhiwi mpaka ugonge Escape, nukta pacha, w, halafu q. Alipinga, akisema barua inaishia kwenye saini, kila mtu anajua. Lakini ajira ni ajira. Alifanya alivyofanya zamani chini ya kitambaa: alirudia mpaka vidole vikaacha kuuliza. Kengele aliizoea mwisho wa yote. Siku ya mtihani ililia, mkono ukabaki mahali pake. Alifaulu. Cheti kikaingia kwenye jalada lake wiki moja kabla ya kujiondoa.

Julai ofisi ikaletewa kompyuta. Ilikuwa na panya. Ilikuwa na programu ya kawaida, ile inayokubali kuandika bila kubembelezwa, na ndani yake hakuna amri hata moja aliyoilipia iliyofanya kazi. Tumpale aliitazama kwa muda, akasema neno la Kindali nisilolitafsiri, akaanza kazi.

Barua ya kwanza ilikwenda kwa watendaji wa vijiji vya bondeni, kutaka idadi ya mifugo. Macho yalikuwa kwenye rasimu. Vidole vilipofika mwisho vikafanya vilichofundishwa. Mkurugenzi akasaini bila kusoma, kama ilivyo desturi, na chini ya cheo chake, kwa herufi safi, palisimama :wq.

Bugalama aliiona nakala baada ya barua kufika vijijini. Alimwita.

"Dada Tumpale, hiki ni nini?"

"Ni kile mlichonituma nikajifunze."

"Umechafua barua ya serikali. Cheti au si cheti, hapa umejiondoa."

"Tena?"

Bugalama alikuwa ameshavuta karatasi ya kumwandikia barua ya kujiondoa, akawa anatafuta nani aipige chapa, mlango ulipogongwa. Aliingia Ngassa, mtendaji wa kijiji kimoja cha wafugaji, na vumbi lake la njiani.

"Shikamoo mama. Shikamoo mkubwa. Nimeleta majibu ya mifugo, na ya wenzangu pia. Ila tulibishana kidogo." Akaonyesha kwa kidole. "Hii alama ya chini, sisi tumeiweka kwa wino mwekundu. Wenzetu wameweka bluu. Ipi ndiyo sahihi?"

Bugalama alizipokea barua zile. Zote zimeandikwa kwa mkono, na zote zina :wq chini. Moja ilikuwa imegongwa muhuri juu ya alama hiyo. Alikwenda nazo kwa Mkurugenzi, na Tumpale alibaki amesimama, mikono kifuani, akisubiri kujua kama bado ameajiriwa.

Kusema ni kosa kungemlazimu Mkurugenzi kuwaandikia watendaji wote kwamba husaini asichosoma. Bugalama akarudi.

"Nyekundu," alimwambia Ngassa. Kisha, bila kumtazama Tumpale: "Wewe endelea na kazi."

"Kwa hiari yangu?" aliuliza Tumpale, akaenda zake.

Mkurugenzi alihamishwa miaka miwili baadaye. Hotuba ya kuwaaga watumishi aliiandika mwenyewe, kwa kalamu, na chini ya jina lake aliweka :wq kwa wino mwekundu.