Mwokaji Asiyekula Mkate Wake

Habari ya kifo chake niliipata kwa simu Jumatatu asubuhi, nikiwa bado miguu mitupu. Binti yake alisema baba yao amefariki Kipini na wamemzika jana alasiri. Hawakunipigia mapema kwa kuwa namba yangu ilibidi waitafute. Nikasema Mungu amrehemu, nikakata. Kisha nikakaa kitandani mpaka chai ikapoa. Wanaosoma safu hii wanajua mimi si mtu wa kulia hovyo. Shule niliiacha darasa la pili, duka langu la kwanza nililijenga kwa mikono hii, kwa udongo na miti niliyoikata msituni kijijini kwetu, Hewani, na mengi ninayoyaandika hapa ni ya kujisifu, sikatai. Leo sina la kujisifu. Nataka kuwaeleza mtu aliyenifanyia kazi Garsen katika miaka ya hamsini, na jambo nililomfanyia.

Alikuwa mwoka mikate. Ufundi aliupata Kipini, jikoni kwa mkubwa mmoja wa serikali ya Wazungu, wakati ofisi ya wilaya ilipokuwa kule. Mkubwa alipohamishwa, yeye akabaki na ujuzi bila kazi, nami nikamchukua. Nilijenga tanuri la udongo nyuma ya duka, karibu na kivuko, pale malori yalipokuwa yakingoja zamu ya kuvuka mto. Siku zile mkate wa ngano ulikuwa ndio maendeleo yenyewe. Mtu aliyekulia ndizi za kuchemsha na wali wa shamba lake, akishika mkate mweupe, laini, bado una moto, alijiona kafika Mombasa. Na mikate ya yule bwana ilikuwa mizuri, nasema kweli, madereva walikuwa wakiuliza "imetoka?" kabla hawajazima injini. Lakini mwenyewe hakuitia kinywani. Tumbo lake lilikuwa haliikubali ngano. Akila kipande kidogo tu, tumbo linajaa, anaharisha siku mbili tatu, na viungo vyote vinamuuma. Aligundua mwenyewe, bila daktari, kwa kujichunguza: wali haumdhuru, mahindi hayamdhuru, ngano ndiyo.

Kwa hiyo kila siku, akishatoa mikate yangu, alikwenda kwake kujiokea wa mchele. Mchele wenyewe ni wa huku huku mtoni. Aliuloweka tangu jana, asubuhi mkewe akautwanga ukiwa na unyevu na kuuchekecha mpaka unga ukawa kama vumbi. Tui zito la nazi aliwaachia watoto kwa mchuzi. Yeye alitumia lile jepesi la mkamuo wa pili, maana mafuta mengi nayo yalimlemea. Sukari, vidole vitatu tu. Tembo la mnazi la kuumulia hakulitia, kwa ajili ya dini yake. Aliweka akiba ya rojo la jana lililochacha, kikombe kimoja, ndani ya kibuyu. Rojo jipya likishaumuka halikorogwi tena. "Ukiligusa sasa umeliua," alikuwa akiniambia. Alilimimina katika sufuria iliyotandikwa jani la mgomba, makaa machache chini, makaa mengi juu ya mfuniko, akachoma kijiti kati kuona kama kinatoka kikavu. Mkate ulitoka mwepesi, ndani vitundu vitundu kama sega la nyuki. Siku moja niliuonja nikamwambia, "Hiki ni chakula cha wagonjwa, bwana." Akacheka. "Na mimi ni mgonjwa, nduu yangu. Huoni?" Watu wa Kipini ndugu humwita nduu. Mimi sikuona.

Watu wa Garsen wana macho, lakini. Mwaka wa pili, Ijumaa moja baada ya swala, baraza langu limejaa, mfugaji mmoja wa Kiorma aliyekuwa akiniletea maziwa na kuondoka na mikate akamwita fundi wangu mbele ya watu wote. "Wewe fundi! Mkate nakula sisi. Wewe nakula hapana. Kwa nini?" Fundi akamjibu kwa adabu kwamba tumbo lake haliutaki, mzee wangu. "Tumbo ya mimi nataka, tumbo ya huyu nataka, tumbo ya wewe peke yake nakataa?" Watu wakaangua kicheko. Ndipo mtu akadakia kutoka nyuma: "Huyo kafunzwa na Wazungu! Anajua mwenyewe katia mafuta gani!" Kicheko kikakatika. Hakuna aliyelitaja neno nguruwe, wala halikuhitaji kutajwa. Mzee mmoja aliyekuwa amekwisha kuumega mkate akauweka chini taratibu, akajifuta vidole kwenye kikoi.

Mafuta yenyewe yalikuwa ya mimea, ya kopo, niliyanunua mwenyewe Mombasa. Kopo lilikuwa limeandikwa Kiingereza pande zote. Fundi akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Muite mwalimu alisome kopo mbele ya watu. Maneno yatakwisha." Shule ilikuwa hatua chache kutoka pale, na mwalimu tulitoka naye msikitini sasa hivi. Lakini mimi nilikuwa nimejitapa barazani pale kwamba Kiingereza nakisoma. Nilikuwa nikifungua gazeti mbele ya wateja na kutikisa kichwa. Nikimwita mwalimu, Garsen nzima itajua kwamba tajiri wao hajui kopo lake linasema nini. Nikasema kwa sauti kubwa, "Kula mkate, mambo yaishe." Akanitazama. "Hali yangu unaijua." Nikamwambia kipande kimoja hakimuui mtu. Akapiga bismillahi, akala. Si kipande. Aliula mkate mzima, polepole, akiwatazama wale watu, mimi hakunitazama.

Ingekuwa mara moja tu, labda leo nisingeandika. Ijumaa ya pili watu walikuja wakakaa wakingoja. Ya tatu vilevile. Ikawa desturi, watu wanatoka kuswali wanakuja kumwangalia fundi anakula, wakisharidhika wananunua. Nami nikaiacha iendelee, kwa sababu mikate ilikuwa haibaki. Ijumaa anakula, Jumamosi yuko chini mkekani, Jumanne anajikongoja kuja kazini, Ijumaa anakula tena. Mkewe alinijia dukani akasimama mlangoni, hakutaka kuingia. "Shemeji, mume wangu anakwisha. Nguo zinamvuka." Nikamjibu kwamba ni homa, maji ya mto yamepanda, nani haumwi. Nilijua si homa. Miezi minne ilipita hivyo, mpaka siku moja akashindwa kuunyanyua ubao wa kutolea mikate. Walimpakia kwenye lori la kwenda Kipini amelala juu ya magunia. Nilipanda gurudumuni kumuaga. Akatabasamu, midomo imempasuka. "Tafuta mtu mwenye tumbo, nduu yangu," akasema. Hilo ndilo neno la mwisho tuliloongea uso kwa uso. Alipona, lakini nguvu za kukanda unga hazikumrudia. Mkewe ndiye aliyeoka mikate ya mchele na kuwalisha watoto kwayo.

Mjukuu wangu anayeishi mjini ananiambia siku hizi anajiokea nyumbani mkate usio na ngano, mwepesi, wa mafuta kidogo, kwa afya. Daktari alimpima akampa karatasi kwamba ngano haimfai. Karatasi ile ilizunguka ukoo mzima na hakuna aliyemcheka wala aliyemwambia kipande kimoja hakimuui mtu. Tena akiniandalia ule mkate wake huniambia, "Babu, hii ni njia mpya." Ninaula wote. Nasi tuliokuwa na mchele mlangoni tuliudharau kwa sababu haukuja na lori, na mtu aliyejua tumbo lake kuliko daktari yeyote tukamtaka atoe ushahidi kwa kuumwa. Wakati ule nilidhani kutojua kusoma ndiyo aibu kubwa inayoweza kumpata mtu. Nimeishi nikaona kubwa zaidi.

Na msidhani nilikosa nafasi. Baadaye nilinunua lori langu mwenyewe, likawa linakwenda Kipini kila Jumatano kuchukua samaki wakavu, na mara nyingi nilikaa mbele na dereva. Nyumba ya fundi wangu ilikuwa kando ya njia. Alikuwa akikaa nje kwenye kiti cha kamba, amekonda vilevile. Nikimwambia dereva apige honi, yeye anainua mkono, nami nainua wangu, tunapita. Miaka mingi tulipita hivyo. Ninyi mnaonisoma, kama yuko mtu mliyemkosea na nyumba yake mnaijua, msipige honi. Shukeni kwenye gari.