Herufi za Depo Yangu

Munganga wa macho aliniambia nifunike jicho moja na kiganja, nisome herufi za pale ukutani. Kiganja kilinuka vumbi la simenti, maana nilitoka depo yangu ya simenti moja kwa moja. Harufu ileile ya chaki.

Nikajiona mtoto tena darasani, nimeketi kwenye banki ya nyuma, mwalimu anagonga tablo, ule ubao mweusi, na fimbo. "Soma, wewe." Mimi niliona ukungu mweupe tu. Jirani yangu akaninong'onezea neno, nikalitaja kwa nguvu. Kumbe lilikuwa limekwisha kufutwa ubaoni. Darasa lote likacheka.

"Mama yako anauza makala ya kuwasha jiko, na kichwa yako pia ni makala," mwalimu akasema. "Enda ukamusaidie." Akanipaka chaki uso mzima kwa kiganja chake. Nilienda, sikurudi.

"Papa, soma tena." Munganga akabadilisha kioo mbele ya jicho langu, na herufi zikasimama wazi, hata zile ndogo za chini. "Macho yako iko hivi tangu utoto. Hakuna mutu alikupima?"

"Mwalimu mumoja alinipima."

Hapa mtaani Mabanga nani hajui depo yangu? Nilinunua kiwanja mbele ya nyumba ya yule mwalimu, sasa ni muzee, makusudi, nikaandikisha jina langu ukutani, herufi ndefu kama mlango. Sasa macho yake yamekufa. Kila lori likishusha simenti, anauliza wapita njia ni depo ya nani. Wanamusomea kwa sauti. Mimi ninaacha kazi zote, ninakuja mlangoni kusikiliza.