Kokoto za Kuwashukuru Askari

Harufu ya chokaa iliyomwagiwa maji, ile inayokwaruza puani na kumtoa mtu machozi, hunirudisha Gitega, kiangazi nilichotimiza miaka kumi. Redio zilikuwa zikisema vita vimekwisha. Katika mtaa wetu wa Waswahili alipita mwalimu mstaafu, Mama Imakulata, nyumba kwa nyumba, akiomba watu wajitolee kutengeneza ua wa jumba walimokaa askari waliojeruhiwa. Alitaka tuwapandie maua, tupake mawe chokaa, na tutandike njia ya kokoto kutoka barazani hadi kwenye kivuli cha mikaratusi, ili vijana waliopoteza viungo vyao wajue kwamba tunawashukuru. Halazimishwi mtu, alisema, ila anayekuja aje na jembe lake.

Nilidhani mama yangu atakataa. Mama alikuwa fundi cherehani, mzaliwa wa Muyinga, na kaka yake wa pekee, mjomba wangu Ramadhani, ndiye aliyekuwa akimletea vitambaa. Mwaka mmoja wa vita mjomba alipanda lori Muyinga kuja kwetu, na hakufika. Dereva alitwambia tu kwamba askari walimshusha kwenye kizuizi njiani. Alipoulizwa kizuizi kipi, alitazama chini akasema vilikuwa vingi. Tangu siku ile Mama hakupita karibu na sare ya jeshi, alivuka barabara. Mwenye kuumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kwa hiyo nilipomwona Jumamosi ile akijifunga kikwembe kiunoni na kutwaa jembe, nilimuuliza kwa nini tunakwenda. "Nataka kuwaona," alinijibu.

Tulifanya kazi Jumamosi tatu. Vumbi jekundu lilitujaa kwenye kope, wanawake waliimba wakipokezana maji, nami nilibeba kokoto kwa beseni kichwani mpaka utosi ukawaka moto, nikijivuna kwamba njia ile ni yangu. Mama hakuimba. Alilima matuta ya maua huku macho yake yakienda barazani, kwa wanaume waliokaa kimya na magongo yao, akiwapitia mmoja mmoja. Jumamosi ya tatu njia ilikuwa imekamilika, nyeupe, imepangwa mawe pande zote mbili. Mama Imakulata alitoa hotuba fupi, kisha akamwalika askari mmoja awe wa kwanza kuipita. Aliitwa Selestini, kijana wa Gashoho aliyekatwa miguu yote miwili baada ya kukanyaga bomu. Alisukuma kiti chake cha magurudumu kwa mikono yake, akitabasamu kwa adabu. Mizunguko mitatu tu, magurudumu yakazama kwenye kokoto zetu. Akasukuma kwa nguvu, kiti kikapinduka, akaanguka kifudifudi mbele ya mtaa mzima. Nami nilicheka. Si kwa ubaya. Kicheko kilinitoka kama kikohozi. Lakini nilisikika, na Mama alinitazama kwa jicho ambalo sijalisahau. Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake: watu wazima zaidi ya arobaini, na hakuna aliyekuwa amewauliza wale vijana wanapitaje.

Kesho yake asubuhi Mama aliniamsha, akanipa beseni lile lile. Tulirudi sisi wawili tu, tukaanza kuzizoa kokoto na kuushindilia udongo. Selestini alikuwa barazani, shavu lake limechubuka. Mama alinisukuma mbele, akaniamuru niombe radhi, nikamwomba. "Mi sina neno, kadogo," alisema. Kisha akamgeukia Mama. "Mama, unaongea kama watu wa kwetu. We ni wa Muyinga?"

"Muyinga mjini," Mama alijibu bila kuacha kazi. "Na we, wakati wa vita, ulikuwa wapi?"

"Mutaho. Kwa bariyeri, kile kizuizi cha barabarani."

Jembe la Mama lilisimama. "Kaka yangu alipitaka njia ile, ndani ya lori. Alikuwa na mafurushi ya vitambaa."

Selestini alipangusa vumbi kwenye gurudumu la kiti chake. "Walipitaka wengi, mama. Wengine walikuwa na vitambaa. Mi nilishika kamba ya bariyeri tu. Wakubwa wakisema shusha, tulishusha."

"Halafu?"

"Waliwapeleka chini, bondeni. Mi sikushuka bondeni." Akajifuta mdomo. "Lakini nilisikia."

Mama alikuwa ameshika mpini kwa mikono miwili, nami niliogopa, sijui kwa ajili ya nani. Kisha akainama, akaendelea kushindilia udongo hadi kwenye mikaratusi, jasho likimtiririka. Alipomaliza alisema, "Pita." Selestini alipita mpaka mwisho, na Mama alimfuata nyuma, bila kukigusa kiti.

Hatukurudi tena pale. Mwezi uliofuata Mama alikwenda Mutaho peke yake, akarejea jioni na matope hadi magotini, akaketi kwenye cherehani bila kushona. Alifariki bila kulijua kaburi la kaka yake. Mtenda husahau, mtendwa hasahau, wasemavyo wahenga. Lakini yule kijana naye hakuwa amesahau.

Siku hizi nafundisha Muyinga. Mwaka jana tuliombwa kupeleka wanafunzi kupanda miti kwa askari waliorudi na majeraha. Nyua za sasa zina njia za saruji na mteremko laini, na wanafunzi wangu hawajawahi kuona bariyeri ya kamba. Tukiwa njiani msichana mmoja alinishika mkono. "Mwalimu, hawa askari walitufanyia nini?" Nilikuwa na majibu mawili, la viungo walivyopoteza na la bonde la Mutaho, yote ya kweli. Nilimpa moja.