Sega la Kumwachia Ndege

Baba yangu alikuwa mrina asali na mzee wa kanisa, na sidhani kama aliwahi kuziona hizo kuwa kazi mbili. Tulikaa kijijini, upande wa Ipole, enzi ambazo msitu wa miyombo ulikuwa bado unaanzia nyuma ya jiko. Kila alipomaliza kurina, alikata kipande cha sega akakiweka juu ya kisiki kwa ajili ya yule ndege mdogo anayewaita watu kwenye nyuki wa porini. Iliaminika kwamba anayemnyima ndege fungu lake, safari ijayo huongozwa moja kwa moja hadi kwa simba.

Kaka yangu, aliyenizidi miaka minne, ndiye aliyepanda mitini. Mimi nilishika ndoo.

"Baba, mzinga huu umeutundika mwenyewe," alisema siku moja. "Huyo ndege amekuonyesha nini?"

"Namwachia tu. Kama ana habari na mimi, atafurahi. Kama hana, nimepoteza nta."

"Kwa hiyo unamlipa kwa kumwogopa simba."

"Nawe mbona hicho kipande hujakila?"

Kaka alilamba vidole, akacheka. "Simba namwogopa pia, baba."

Hivyo ndivyo walivyobishana, bila hasira, kwa miaka mingi. Baba alikuwa akiinua sega kwenye mwanga na kutuonyesha vyumba vyake, kila kimoja pande sita, hakuna kilichopinda. Nani alimfundisha nyuki? Kaka alijibu kwamba aliyemfundisha nyuki kujenga ndiye aliyemfundisha nyegere kubomoa, na kwamba nyegere alionekana kufundishwa vizuri zaidi. Baba alisema hakuna mzinga uliojitundika wenyewe, basi na dunia ina aliyeitundika. Kaka akauliza aliyeitundika dunia alikanyaga tawi gani. Aliwahi kumkumbusha baba hata habari za babu yetu mmoja wa zamani, aliyebeba pembe za ndovu katika misafara kutoka Unyanyembe mpaka pwani na kurudi na sugu begani tu. "Siku zote hizo Mungu alikuwa anatazama?" Baba alisema alikuwa anatazama. "Basi ana macho makavu," akasema kaka, nao wakaendelea kukamua asali.

Nilipokwenda chuo nilikuta maneno yao yameandikwa vitabuni na kupewa majina: hoja ya mpangilio, hoja ya chanzo cha kwanza, tatizo la uovu. Hata lile sega la kisiki lilikuwa na jina. Liliitwa hoja ya dau: amini, kwani ukikosea hupotezi kitu kikubwa. Likizo ilipofika niliwaeleza kwa majivuno ya msichana aliyesoma. Baba alinisikiliza hadi mwisho. "Watu wazima wamekaa madarasani miaka yote hiyo," alisema, "kuja kusema aliyoyasema mwenzako juu ya mti?"

Sikujua kwamba hiyo ingekuwa likizo yetu ya mwisho ya kucheka.

Mwaka uliofuata binti wa kaka, mtoto wake wa pekee, alikufa kwa homa kabla hajatimiza miaka miwili. Msibani mzee mmoja wa kanisa alisimama na kusema yale yanayosemwa kila mahali, kwamba sisi tulimpenda lakini Mungu amempenda zaidi. Kaka alikuwa ameketi mkekani na wanaume. Aliinuka. Hakupaza sauti.

"Mwambieni akome kutupenda," alisema.



Baraza la wazee likamtenga na meza ya Bwana mpaka atakapotubu mbele ya waumini. Baba alikuwa mjumbe wa baraza hilo, na mkono wake ulinyooshwa pamoja na mingine. Kaka hakutubu. Alisema hakuwa amemtukana mtu; alikuwa ameuliza swali, na lilikuwa bado halijajibiwa.

Miaka mitatu baadaye kamba yake ya kupandia ilikatika, akaanguka kutoka kwenye mti. Alikaa hospitali siku tatu. Mchana aliokata roho alikuwa na baba peke yake, mimi nikiwa njiani kutoka chuoni. Mchungaji wa wakati ule alikuja nyumbani, na mbele yetu sote akauliza swali ambalo, ninavyoliona sasa, lilikuwa mlango aliouacha wazi makusudi.

"Mzee, wewe ndiye uliyekuwa naye mwishoni. Alitubu?"

Hapakuwa na shahidi mwingine. Neno moja lingetosha kumletea kaka yangu kengele, kwaya na mahali ndani ya ua wa makaburi. Nilimtazama baba. Alitazama mikono yake.

"Hapana," alisema.

Tulimzika nje ya ua wa minyaa, bila wimbo. Mama yetu alikuwa ametangulia miaka mingi, na nilishukuru kwa hilo. Mimi niliyezijua hoja zote kwa majina sikufungua mdomo. Jioni yake ndipo nilipomfuata baba jikoni.

"Ungesema ndiyo tu, baba."

"Mungu alikuwa anasikia."

"Angekusikia ukimwokoa mwanao."

Alichukua jembe akatoka, ingawa hapakuwa na shamba la kulima saa ile. Hakurina tena. Kuanzia hapo salamu zetu zikawa "shikamoo" na "marahaba", na baina ya maneno hayo mawili hatukuweka kitu kwa zaidi ya miaka ishirini. Nilifundisha falsafa ya elimu kwa walimu wanafunzi, nikawaambia kwa upole kwamba hoja zote zina pande mbili. Upole huo ulikuwa uongo. Ndani yangu ulikuwepo upande mmoja tu, nao ulikuwa na sura ya baba.

Mwaka jana kifua kilipomzidi nilimleta kwangu Cheyo, mjini Tabora. Mchungaji wa pale kijijini, kijana aliyehamia juzi tu, alifunga safari kumletea chakula cha Bwana. Baba alimwambia, "Kesho." Akaja tena wiki iliyofuata. "Kesho, mchungaji." Nilidhani ni uchovu.

Asubuhi moja, nikimnywesha uji barazani, alikisogeza kikombe.

"Wewe uliyesoma. Yupo?"

Nilikuwa nimelingoja swali hilo kwa nusu ya maisha yangu, na majibu yangu yote yalikuwa yamenolewa. Badala yake nikajikuta namjengea hoja ya chanzo cha kwanza, taratibu, kama ninavyoijenga darasani.

"Mwenzako angeibomoa hiyo kabla hajashuka mtini," alisema.

"Angeibomoa."

Alivuta pumzi kwa shida. "Kama yupo, ataniuliza mwanangu yuko wapi. Kama hayupo, nilimtupa nje ya ua bure. Nimelipigia hesabu hilo tangu siku ile, mama. Sijaona upande ambao mimi napona."

Nami sikuuona. Nikisema yupo, nampeleka mbele ya hakimu. Nikisema hayupo, namwachia kosa lisilo na maana yoyote. Hapakuwa na jibu la huruma, na sehemu yangu fulani ilifurahi. Ninaandika hili kwa sababu ni kweli.

"Yupo, baba," nilisema.

Alinitazama. "Hilo ni sega unaniachia."

Mpaka leo sijui kama nilimhurumia au nilimhukumu, na sijui yeye alielewa lipi. Aliomba uji wake. Siku nne baadaye alikufa, bila kusali na bila kumtaja tena Mungu, kwa wema wala kwa ubaya.

Tulikuwa bado hatujaondoka Tabora na mwili mchungaji aliponipigia simu. Alikuwa na adabu nyingi na hakujua lolote la zamani.

"Pole sana, mama. Samahani kwa kukuuliza wakati huu. Alikuwa ananiambia kesho, kesho. Wewe ndiye uliyekuwa naye mwishoni. Aliondoka akiwa na imani?"

"Ndiyo," nilisema.

Alishukuru, akaniuliza tutafika saa ngapi.

Baba alizikwa ndani ya ua, kwaya mbili zikipokezana. Mimi ndiye niliyeusoma wasifu wake, ambao wazee walikuwa wameuandaa, na ndani yake palikuwa na sentensi isemayo kwamba marehemu hakuwahi kusema uongo. Niliisoma kwa sauti isiyotetemeka, kwa kuwa ilikuwa kweli. Nilipoinua macho kutoka kwenye karatasi, kaburi la kaka lilionekana ng'ambo ya minyaa, limejaa nyasi. Kengele ilianza kulia. Nilikuwa bado nalitafuta lile "ndiyo" langu mdomoni, nikingoja linichome mahali fulani, na halikuwa na uzito wowote. Hicho ndicho nisichoweza kumsamehe baba: kwamba lilikuwa jepesi kiasi kile, naye siku ile ya kaka akalimeza.